Kutoka *#06# hadi 4636: mambo ambayo simu yako inayajua na haikwambii

Muulize kaka yako mkubwa, au hata mamako, kuhusu *#06#. Kama alikuwa na simu mwaka 2012, hiyo anaijua, hata kama mpaka leo hajui kubadilisha ringitoni.

Mwaka huo serikali ilisema simu feki zote zizimwe. Tume ya mawasiliano, ambayo wakati huo iliitwa CCK (sai ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA), ilitoa siku ya mwisho: 30 Septemba 2012. Ukitaka kujua kama yako ni halali, unabonyeza *#06#, inatokea namba ya tarakimu 15 inayoitwa IMEI, unaituma kwa meseji kwenda 1555, halafu unangoja jibu moyo ukidunda. Zaidi ya simu milioni moja zilikatwa. Mtu alinunua simu kwa jasho lake, akiamini ni ya kweli, akaamka imebaki tochi na kalkuleta. Tanzania nao walifanya vile vile tarehe 16 Juni 2016, wao meseji ikienda 15090.

Sasa hebu tulia hapo kidogo. Ile namba haikuzaliwa mwaka 2012. Ilikuwa ndani ya simu tangu inatoka kiwandani, na msimbo wa kuiona ulikuwa wazi miaka yote. Mafundi wa simu waliujua. Sisi wengine tulifundishwa siku ambayo serikali iliuhitaji. Ndiyo maana nasema hii ni historia, si ujanja wa simu tu: jambo likiwasaidia wenye nguvu, tunafundishwa kwa redio na magazeti. Likitusaidia sisi, linakaa kimya.

Na lipo moja limekaa kimya mpaka leo.

Kwenye Android nyingi, bonyeza *#*#4636#*#*. Angalia herufi zilizo kwenye vitufe hivyo: 4 ina I, 6 ina N, 3 ina F, 6 ina O. Yani INFO, waliiandika waziwazi. Kwenye iPhone ni *3001#12345#* halafu unapiga. Samsung nyingi zina yao, *#0011#. Simu zingine watengenezaji wameifunga, ikikataa usilazimishe. Na usichanganye na *144# ama *334#. Hizo zinaenda mpaka kwa kampuni na kurudi na jibu. Hizi zingine simu inajijibu yenyewe, bila bando, bila kredo. Ila soma tu, usiguse mipangilio ya humo.

Ukiingia utaona namba inaanza na 639. Hiyo ni Kenya. Kila nchi ina yake, kwa mpango wa shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU: Tanzania ni 640, Uganda 641. Ukiwa kwa Safaricom unaona 639 na 02. Airtel ni 639 na 03.

Hiyo 03 ndiyo inanifurahisha. Kampuni ile ilianza mwaka 2000 ikiitwa KenCell. Ikawa Celtel. Ikawa Zain. Mwaka 2010 ikawa Airtel. Kila mara mabango yalipakwa rangi mpya na vibanda vya kredo navyo vikabadilishwa. Lakini kule ndani, 03 haikutikisika. Vile vile 07, ilikuwa Orange kuanzia 2008 na sai ni Telkom. Matangazo yanasahau, skrini iliyofichwa inakumbuka.

Tuje kwa vijiti, manake hapa ndipo tunapochezewa. Vile vijiti vinne ama vitano vya netiweki hapo juu havina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji anaamua mwenyewe kijiti cha tatu kiwake wakati gani. Mwaka 2010, iPhone 4 ilipolalamikiwa, Apple walikiri hadharani kwamba hesabu yao ya vijiti ilikuwa na makosa, na mara nyingi ilionyesha vijiti viwili zaidi ya inavyofaa. Kama kampuni kubwa hivyo ilikuwa inatupamba, za bei rahisi je?

Ukweli uko kwenye namba ya dBm. Ni namba ya hasi, na ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi. Kwa 4G, -80 uko sawa kabisa, -110 uko pabaya. Na usidhani tofauti ni ndogo: ukitoka -80 ukafika -90, nguvu imepungua mara kumi. Unaweza kupoteza hiyo kwa kuingia tu chumba cha ndani chenye kuta nene.

Hapo ndipo unaanza kujibu swali la kila jioni pale Kisauni: mbona vijiti vimejaa na video inazunguka tu? Ukiona -75 na bado intaneti inasota, basi mnara hauko mbali. Uwezekano mkubwa umejaa watu, yani kampuni inahitaji kuongeza nafasi, si wewe kubadilisha simu. Ukiona -115, shida ni umbali ama kuta. Hayo ni malalamiko mawili tofauti kabisa. Na lalamiko lenye picha ya skrini, tarehe na saa ni gumu kulijibu kwa "zima simu halafu uwashe". Inauma zaidi ukikumbuka kwamba nyaya za baharini za intaneti, TEAMS na SEACOM, ziliingilia hapa hapa Mombasa mwaka 2009. Intaneti ya nchi inapita mlangoni kwetu, na bado kuna mtu Mtongwe anapanda juu ya ukuta kutuma picha.

Lakini kuna namba nyingine kwenye skrini hiyo, na hii ndiyo nzito: namba ya mnara, inaandikwa CID. Panda feri pale Likoni ukiitazama. Mkondo wenyewe ni kama nusu kilomita tu, na juu ya maji hakuna nyumba za kuzuia mawimbi, kwa hivyo unaweza kuwa umesimama ng'ambo na simu bado imeshika mnara wa kisiwani. Ukisogea, namba inabadilika. Kampuni nayo lazima ijue angalau uko kwenye kundi gani la minara, la sivyo ukipigiwa hautapatikana. Hata ukizima GPS, hiyo haizimiki.

Ndiyo maana programu ikitaka kusoma namba za minara, Android inakuuliza kwanza ruhusa ya mahali ulipo. Google wenyewe wanakubali kwamba mnara ni anwani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, inakupa haki ya kuuliza data yako inatumikaje. Lakini utaulizaje kitu ambacho hujawahi kukiona?

Sisemi kila mtu awe injinia. Mwaka 2012 mama mboga alijifunza IMEI kwa wiki chache tu, manake alikuwa na sababu. Sababu tunazo hata sai: pesa zetu za bando, na nyayo zetu.

Kwa hivyo jaribu leo. Niandikie hapo chini mtaa wako na dBm uliyopata, tuone Changamwe na Likoni nani anaumia zaidi. Namba ya mnara na IMEI, kaa nazo mwenyewe.