Kutoka chuo mpaka basi la umeme: historia ya Kiira

Bandugu, kila mwaka tunatetea TFC zetu, watu wanapiga makofi, kisha karatasi inaenda kulala kabatini. Ndiyo maana mimi napenda historia ya Kiira Motors ya Uganda.

Ilianzia chuoni. Wanafunzi na walimu wa Makerere walishiriki mradi wa gari wa Vision 200, ulioongozwa na Politecnico di Torino ya Italia. Kisha wakataka kutengeneza la kwao. Mwaka 2011, Kiira EV, gari la umeme la watu 2, likatembea Kampala. 2014 ikaja Smack. 2016 likaja basi la Kayoola, paneli za jua juu ya paa.

Lakini gari moja la majaribio si kiwanda. Ujenzi kule Jinja ulianza 2019, miaka 8 baada ya Kiira EV. Muda huo wote walitegemea pesa ya serikali, na kwa basi za betri walishirikiana na kampuni ya China, CHTC. Paul Isaac Musasizi, aliyekuwa kwenye mradi tangu chuoni, ndiye alikuja kuongoza kampuni.

Na sisi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Koltani iko hapa kwetu Kalehe, kule Numbi. Madini tuko nayo. Wale wa Makerere walikuwa na kikundi ambacho hakikuvunjika kisha diploma.

Wewe, TFC yako uliifanya na nani? Muko mnaongea bado?