JEMBE LA APOLO

Hapa kwetu Mbulu na Hanang jembe lina heshima. Wazee wetu Wairaqw waliitunza nchi ya milima kwa jembe na samadi, wakauzuia udongo wa miteremko usichukuliwe na maji. Lakini kijana akiisha kusoma, mara nyingi huliona jembe kuwa ni aibu. Hata mimi mwalimu nalikuwa hivyo. Nikiwaona wazazi wa wanafunzi wanakuja, naliliweka jembe majanini, nikasimama kama msimamizi. Kilichonirudi ni habari za Apolo Kivebulaya.

Apolo alikuwa Mganda, askari wa zamani, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alitumwa kufundisha Mboga, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, katika nchi ambayo leo ni Kongo ya mashariki. Walimu waliomtangulia walikuwa wameshindwa na njaa, maana wenyeji hawakuwalisha. Na kwa Waganda wa siku zile kulima kulikuwa kazi ya wanawake. Apolo hakuona haya. Alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe.

Mtawala wa Mboga, jina lake Tabaro, alichukizwa na mafundisho yake. Akaamuru apigwe. Kisha dada yake Tabaro akaangukia mkuki uliokuwa umefichwa katika majani, akafa. Apolo akasingiziwa, akafungwa gerezani Toro. Alipofunguliwa hakutafuta kisasi, wala hakuomba kituo kilicho chema zaidi. Alirudi Mboga kwa Tabaro yule yule. Na Tabaro mwenyewe mwisho akabatizwa.

Hapa tuangalie sana. Kunyenyekea si kujidharau, wala si kuogopa wakubwa. Apolo hakuacha kumwambia Tabaro neno la kweli. Alichoacha ni kujitafutia heshima yake mwenyewe.

Heshima ilimfuata. Alifanywa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na kanoni mwaka 1922. Lakini katika uzee wake aliingia msitu wa Ituri kuwafundisha Wambuti, watu waliodharauliwa na jirani zao. Alipofariki Mboga, tarehe 30 Mei 1933, alikuwa ameagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, si upande wa Buganda kwao.

Ndugu zangu wanaume, kiburi hakifukuzwi kwa maneno ya sala peke yake. Hufukuzwa tunapofanya kazi ile tunayoionea haya, na tunapomwendea mtu yule tusiyetaka kumwendea. Mimi sasa nalima mbele ya wazazi, nao hawajanicheka. Lakini yuko jirani aliyenikosea, na njia ya kwenda kwake ni fupi kuliko ile ya Mboga; nayo bado sijaipita. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi, na tuiname.