Hero World Challenge

Hero World Challenge ni mashindano ya gofu ya kulipwa yanayofanyika kila mwaka, kwa kawaida mwanzoni mwa Desemba, katika uwanja wa Albany, kisiwa cha New Providence, nchini Bahamas. Mwenyeji wake ni mchezaji Mmarekani Tiger Woods. Wachezaji hushiriki kwa mwaliko tu, na mapato husaidia taasisi ya hisani ya Woods, TGR Foundation.

Historia
Mashindano ya kwanza yalimalizika Januari 2000 huko Scottsdale, Arizona, na mshindi alikuwa Tom Lehman. Kuanzia Desemba 2000 hadi 2013 yalichezwa Sherwood, California. Mwaka 2014 yalihamia Isleworth, Florida, na kampuni ya pikipiki ya Uhindi, Hero MotoCorp, ikawa mdhamini. Yamechezwa Bahamas tangu 2015. Mwaka 2020 hayakufanyika kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19.

Utaratibu
Hapo awali walialikwa wachezaji 16, baadaye 18, kisha 20. Hucheza mashimo 72 kwa siku nne. Hakuna anayeondolewa baada ya raundi mbili za kwanza, kwa hiyo kila anayemaliza hupata zawadi ya fedha. Fedha hizo hazihesabiwi katika mapato rasmi ya PGA Tour.

Hata hivyo, tangu 2009 mashindano haya hutoa pointi za orodha ya ubora wa dunia. Jambo hilo limezua ubishi, kwa kuwa wasioalikwa hawawezi kuzigombea pointi hizo. Woods aliposhinda mwaka 2011 dhidi ya wapinzani 17 tu, alipanda kutoka nafasi ya 52 hadi ya 21. Agosti 2022 hesabu ya pointi ilibadilishwa, na mashindano yenye wachezaji wachache sasa hutoa pointi pungufu.

Hisani
Taasisi ilianzishwa mwaka 1996 na Woods na baba yake, Earl Woods. Mwanzoni ilifundisha watoto gofu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 iligeukia elimu, na mwaka 2006 ilifungua kituo cha masomo huko Anaheim, California.

Washindi
Woods ameshinda mara tano: 2001, 2004, 2006, 2007 na 2011. Walioshinda mara mbili ni pamoja na Davis Love III, Graeme McDowell, Viktor Hovland na Scottie Scheffler.