Kuacha Kazi na Kuitwa Tena: Sokoine, Mwinyi na Carrington

Dakawa, mkoani Morogoro, inakumbukwa kwa kifo cha Edward Sokoine. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu huyo wa Tanzania alifariki hapo kwa ajali ya gari akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Msiba huo umefunika jambo lingine: kazi ambayo mauti yalimkuta nayo aliwahi kuiacha kwa hiari. Novemba 1980 aling'atuka kwa sababu ya afya, akampisha Cleopa Msuya, akaenda Yugoslavia masomoni. Februari 1983 Mwalimu Nyerere akamrudisha.

Ali Hassan Mwinyi aliondoka kwa sababu nyingine kabisa. Alijiuzulu Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1977, baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Hakumpiga mtu, lakini waliopiga walikuwa chini yake.

Waingereza nao wana desturi hiyo ya kuwajibika. Argentina ilipovamia visiwa vya Falkland, Aprili 1982, Waziri wa Mambo ya Nje, Lord Carrington, alijiuzulu siku tatu baadaye. Uchunguzi uliofuata haukuilaumu serikali kwa uvamizi ule. Yeye alikwisha kubeba lawama.

Tofauti iko kwenye shinikizo. London, Bunge lilikuwa limechachamaa na magazeti yakitaka mtu awajibike. Tanzania ya chama kimoja haikuwa na upinzani bungeni. Uwajibikaji ulitoka ndani ya serikali yenyewe. Hata hivyo, katika nchi zote mbili aliyeondoka alitaja sababu inayoeleweka, wala hakuwasukumia lawama waliobaki. Ndiyo maana milango haikufungwa: mwaka 1984 Carrington alikuwa Katibu Mkuu wa NATO, na Mwinyi, aliyepitia ubalozi nchini Misri, Rais wa Zanzibar.

Kwa mfanyakazi wa kawaida wa Tanzania Bara anayeacha kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya maandishi yenye sababu na tarehe. Anayelipwa kwa mwezi, isipungue siku 28. Siku hizo ni za makabidhiano: funguo, mafaili, madeni, kazi zilizofikia nusu. Barua fupi yenye sababu moja ya kweli inatosha. Anayeijaza shutuma za bosi na wenzake huenda akawa na haki, lakini amempa mwajiri sababu ya kutomwita tena.