KUTOKA "PANDA GARI" HADI MUZIKI WA KUFOKAFOKA

Sisi tunaofundisha Kiswahili huku kati ya Busia na Tororo, kila mwaka huulizwa na wanafunzi wapya wa upande wa Uganda: "Mwalimu, kwa nini wazee wetu nyumbani wanakiogopa Kiswahili?"

Jibu limo katika historia. Tangu enzi za King's African Rifles, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi nchini Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, au usiku mlango ukigongwa. Katika miaka ya 1980, misako ya kuwasomba watu kwa malori iliitwa "panda gari". Walimu wenzetu, tukichanganue kitenzi hicho: ni amri. Aliyeambiwa hivyo hakuwa na nafasi ya kuuliza swali.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, vijana waliigeuza lugha hiyo. Mfano waliupata Marekani, ambako Weusi, walio wachache nchini humo, walitumia muziki wa kufokafoka kuwashtaki polisi. Mwaka 1988 kundi la N.W.A la Compton lilitoa wimbo wa kuwalaani polisi. Mwaka uliofuata FBI iliiandikia kampuni iliyosambaza muziki huo barua ya malalamiko. Mwaka 1991 polisi wa Los Angeles walimpiga Rodney King, tukio likanaswa kwenye video, na dunia ikaona kile ambacho nyimbo zilikuwa zikisema.

Vijana wa Dandora, Nairobi, hawakuwa wachache kwa kabila. Hata hivyo, kutoka mtaa huo kulitosha kumfanya kijana mshukiwa machoni pa askari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Kalamashaka lilitoa "Tafsiri Hii", wimbo wa maisha magumu ya mtaani. Neno "tafsiri" hapo laweza kuwa nomino. Laweza pia kuwa amri. Tukilisoma kama amri, basi safari hii anayeamuru ni yule aliyezoea kuamriwa. Mwaka 2004 Kalamashaka na wenzao wa Ukoo Flani Mau Mau walitoa albamu waliyoiita "Kilio cha Haki".

Nasi tukiri kosa letu. Kwa miaka mingi tuliikemea Sheng ya vijana hao. Tulihesabu makosa ya ngeli, kilio chenyewe tusikisikie.

Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake. Hatua hizo ni njema, lakini sheria haifuti hofu ya mzee aliyewahi kupandishwa lori. Hofu hiyo itapungua mjukuu wake atakapoonyesha kwamba kwa lugha ileile ya askari, raia naye anaweza kumuuliza askari: kwa nini? Basi tuziruhusu nyimbo hizi ziingie darasani, zichambuliwe kama tunavyochambua mashairi mengine.

Kiswahili kitukuzwe!