Paa la Murambi: Toba, Uaminifu na Subira kati ya Kibuye, Texas na Arusha

Miongoni mwa hukumu zilizotolewa mjini Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ipo moja inayogusa paa la kanisa. Februari 2003 majaji walimtia hatiani Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana kwa kosa la kusaidia na kuwezesha mauaji ya kimbari, wakamhukumu kifungo cha miaka 10. Katika mambo waliyoyaona yamethibitika, lilikuwamo hili: kwamba mwaka 1994 aliwapeleka washambuliaji katika kanisa la Murambi, kwenye vilima vya Bisesero, na kuamuru paa lake liondolewe ili Watutsi wasipate tena pa kujificha.

Kati ya Murambi na Arusha palikuwapo Texas. Safari hiyo ya pembe tatu ni sura ya historia ya Wakristo wa Maziwa Makuu ambayo haielezwi sana kwa Kiswahili, ingawa kesi ilimalizikia katika mji wa Waswahili. Nayo inayarudisha mezani maneno matatu yanayotamkwa kila ibada: toba, uaminifu na subira.

Neno toba limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni kurejea. Muislamu na Mkristo wa pwani wanalitumia neno lile lile, na wote wawili wanajua kwamba anayerejea sharti awe na mahali alipotoka na mtu anayemrudia. Uamsho wa Afrika ya Mashariki ulilipa neno hilo mwili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Kutokana na urafiki wao na wa wenzao, moto ulienea kutoka Gahini hadi Kigezi, Buganda, Bukoba na Kenya. Wafuasi wake, walioitwa Balokole, hawakuridhika na ungamo la jumla. Aliyetubu alisimama mbele ya wenzake, akaitaja dhambi kwa jina lake, akarudisha alichoiba, akaomba radhi kwa aliyemkosea. Kwao toba iliyofanywa sirini, ilhali aliyedhulumiwa hajui, ilikuwa bado haijakamilika.

Uamsho huo ulikuwa hasa wa Waanglikana na Walutheri, na Ntakirutimana hakutokana nao. Yeye, mzaliwa wa mwaka 1924, alikuwa kiongozi wa Kanisa la Waadventista Wasabato katika magharibi ya Rwanda, mwenye makao Mugonero, mkoa wa Kibuye, palipokuwa na kanisa, shule na hospitali. Lakini kipimo walichokiacha wale wa Gahini hakikuwa mali ya dhehebu moja. Kilikwisha kuwa sehemu ya jinsi Wakristo wa eneo zima walivyolielewa neno toba.

Aprili 1994 maelfu ya Watutsi walikimbilia Mugonero. Miongoni mwao walikuwamo wachungaji saba, wasaidizi wa Ntakirutimana katika kazi ya kanisa. Walimwandikia barua ya heshima, wakimjulisha kwamba wamesikia watauawa kesho yake pamoja na jamaa zao, na wakamsihi awaombee kwa meya, kama Esta alivyowaombea Wayahudi. Shambulio lilikuja Jumamosi, tarehe 16, siku ya Sabato. Miaka miwili baadaye, akiwa Marekani, mzee huyo alimwonyesha barua hiyo mwandishi Philip Gourevitch, ambaye kitabu chake cha mwaka 1998 kilichukua jina lake kutoka katika maneno yake.

Barua hiyo yafaa kusomwa kama hati ya uaminifu. Waandishi wake hawakumtukana wala kumlaani mkubwa wao. Walimkumbusha kwamba kundi lile alikabidhiwa yeye na Mungu, na kwa kufanya hivyo walilitamka fundisho zima la uchungaji katika aya chache. Wao wenyewe walikuwa ndani ya boma pamoja na waumini. Uaminifu wao haukuwa wazo la moyoni tu. Ulikuwa suala la mahali mwili ulipo siku ya hatari.

Ntakirutimana alihamia Laredo, mji wa Texas ulio mpakani mwa Mexico, alikokuwa na mwana aliyekuwa daktari. Alikamatwa Septemba 1996. Desemba 1997 hakimu wa Laredo alimwachilia, kwa hoja kwamba hapakuwa na mkataba rasmi wa kumkabidhi mtu kwa mahakama ya Umoja wa Mataifa. Februari 1998 alikamatwa tena, na Agosti mwaka huo jaji wa shirikisho wa Wilaya ya Kusini ya Texas, ambayo makao yake ni Houston, aliruhusu akabidhiwe. Rufaa ilipanda hadi New Orleans, kisha Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Machi 2000 alisafirishwa kwenda Arusha.

Mtetezi wake mashuhuri alikuwa Ramsey Clark, mzaliwa wa Dallas, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wakati wa vuguvugu la haki za raia. Clark alimwona mteja wake kuwa mtu mwadilifu anayeonewa. Hapa ndipo fumbo lilipo. Picha ya mchungaji mzee, mkimbizi, anayeburutwa mahakamani katika nchi ya ugeni, ni picha ambayo Mkristo amefundishwa kuiheshimu tangu utoto: Paulo mbele ya Festo, Danieli mbele ya mfalme. Lakini mateso hayamtakasi mtu kwa kuwa tu ni mateso. Waraka wa kwanza wa Petro unatenganisha waziwazi anayeteswa kwa kutenda mema na anayeteswa kwa uovu wake. Subira ya kweli hujulikana kwa kile inachokilinda, kwani hata mtu anayeficha jambo aweza kustahimili miaka mingi.

Ntakirutimana alikana mashtaka hadi mwisho. Mahakama ya rufaa ya mwaka 2004 ilitengua baadhi ya hoja za hukumu ya kwanza lakini ikakiacha kifungo kama kilivyokuwa. Aliachiliwa Desemba 2006 baada ya kukitumikia, akafariki Arusha Januari 2007.

Sheria ilimaliza kazi yake. Toba haikuwa katika uwezo wake. Arusha yenyewe ilikwisha kuonyesha hivyo mwaka 1998, pale Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ya mauaji, alipokiri makosa yote, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akataka kuliondoa ungamo lake. Nchini Rwanda mabaraza ya gacaca, yaliyofungwa mwaka 2012 baada ya kusikiliza kesi zaidi ya milioni moja, yalipunguza adhabu kwa waliokiri. Baadhi walisema kweli na kuonyesha mahali miili ilipozikwa. Wengine walikiri kwa hesabu ya miaka. Aliyenusurika aliketi akisikiliza, akiwa hana kipimo cha kupambanua moyo na hesabu.

Leo Dallas, Fort Worth na Houston zina makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kinyamulenge. Wengi wa waumini wametoka Kongo, wakipitia kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma na Nakivale nchini Uganda, baadhi yao wakiwa wamezaliwa humo. Mahubiri ya kustahimili yana mzizi wa haki katika maisha yao, na hakuna mwenye haki ya kuyadharau. Hata hivyo ugenini watu hufika bila historia inayoonekana. Koti la Jumapili ni lile lile kwa aliyebisha mlango na kwa aliyeufunga. Kwa sababu hiyo wapo wanaoona ni busara kutouliza, ili umoja wa kanisa usivunjike.

Historia ya Texas inaonya kwamba umoja wa namna hiyo una gharama, na wanaoilipa ni walewale waliokwisha kulipa mara ya kwanza. Wakristo wa Gahini wangesema kwamba ndugu hutambulikana kwa kutembea nuruni, na kwamba nuru huanza na jambo moja lililotajwa: ng'ombe fulani, shamba fulani, jina la fulani. Kwa Murambi jambo hilo ni paa. Mahakama iliweza kusema nani aliamuru liondolewe. Kulirudisha, japo kwa neno moja mbele ya waliobaki, ilikuwa kazi ya mchungaji mwenyewe.