Sweta ya Mama

Mwaka 1970, nilipokwenda chuo cha ualimu, mama alinifumia sweta ya sufu. Nikailoweka katika maji ya moto na kuisugua kwa bidii. Ikatoka ngumu, ya kumtosha mtoto.

Baadaye nilisoma habari za Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79. Madobi wake walikanyaga nguo za sufu majini kwa miguu. Joto, maji na msuguano hunasanisha magamba madogo ya nyuzi, sufu ikakazana. Kumbe kosa langu lilikuwa ufundi wa watu wa kale!

Ndugu msomaji, fua sufu kwa maji baridi, iminye bila kuisokota, kisha ilaze ikauke. Mama hakunilaumu, alifariki kabla sijamwomba radhi. Sweta ile ningali nayo.